Ndege, Litungu na Memori Kadi Niliyoiuza

Najua wiki hii mlikuwa mnasubiri ubuyu wa yule msanii aliyeonekana Sirari na mtu ambaye si wake. Ubuyu upo, utakuja, haujaoza. Leo nina deni na nataka nililipe kwanza.

Mnaijua vita inayoendelea. Wasanii wawili wa huku kwetu Mara, majina nahifadhi kama kawaida yangu, mmoja tumwite A mwingine B, wanagombea nani wa kwanza kuchanganya litungu na biti ya bongo fleva. A anasema kaibiwa. B anasema A alikuwa hajui hata litungu lina nyuzi ngapi wakati yeye yuko studio. Na nyie mashabiki mmegawanyika, kila siku mnanitumia meseji: admini, toa msimamo, we si ndo unajua mambo ya watu?

Sawa. Ila kuna mtu wa tatu ambaye hamumjui. Ni kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa. Na kitu nilichokuja kukisema leo kinanihusu mimi kuliko kinavyomhusu yeye. Nimekaa nacho miaka. Kilichonifanya nikitoe ni ndege, kwa hiyo naomba mnivumilie nianzie huko.

Kazi yangu ya mchana, kwa wasiojua, ni steshenari hapa Mugumu. Natoa kopi, nachapa barua za watu, namsaidia mtoto wa watu kuomba chuo, na usiku ndo naandika haya mnayosoma. Nje ya duka kuna kijiwe cha kahawa. Ndege ndogo za watalii zinazokwenda Seronera huwa zinapita juu yetu, na siku moja ilipita wakati wazee na vijana wa bodaboda wamekaa. Mzee mmoja mstaafu akasema hiyo si ndege, kuna ndege zinazokimbia mpaka zinaiacha sauti yake nyuma. Kijana mmoja akadakia kwamba aliyefanya hivyo kwanza ni Mmarekani. Mwingine akasema wapi, Wajerumani walishafanya wakati wa Hitler. Wakabishana mpaka kahawa ikapoa, wakaweka dau la kreti ya soda, halafu mzee akanigeukia: "Binti, hebu ingia kwenye intaneti utuamulie."

Nikasema dakika tano. Nilisoma mpaka saa nane usiku.

Kwanza tuelewane hapa. Sauti nayo inasafiri. We mwenyewe umeshaona, ukimwangalia mtu anapasua kuni ng'ambo ya bonde, shoka linashuka kwanza, halafu ndo unasikia "ko!" Hewa ikiwa na joto la nyuzi 20, sauti inakwenda kama kilomita 1,235 kwa saa. Juu sana kwenye baridi inapungua, inafika kama 1,060. Chombo kikikimbia kuliko hapo, hewa iliyo mbele yake haipati nafasi ya kupisha, inabanwa, na watu wa chini wanasikia mlio kama bomu. Na usidhani ni mambo ya ndege tu. Ule mlio wa "paa!" wa mjeledi tunaolimia ng'ombe, unajua unatoka wapi? Ncha ya mjeledi inapojigeuza inapita mwendo wa sauti. Yaani babu yako pale shambani, nyuma ya plau, alikuwa anauvunja ukuta wa sauti kabla hata hujazaliwa, na hakuna aliyempa cheti.

Kwa ndege ilikuwa kazi ya kufa mtu. Wakati wa Vita ya Pili marubani walikuwa wakizishusha ndege kwa kichwa, zikikaribia mwendo wa sauti zinatetemeka na usukani unagoma. Septemba 1946 Mwingereza Geoffrey de Havilland alikufa ndege yake aina ya DH 108 ilipopasuka hewani karibu na mdomo wa mto Thames. Watu wakaanza kusema kuna ukuta pale na haupitiki.

Sasa majibu ya kijiwe. Anayeandikwa kwenye vitabu ni Mmarekani, Chuck Yeager, tarehe 14 Oktoba 1947, huko California. Ndege yake ya roketi, Bell X-1, ilibebwa tumboni mwa ndege kubwa ya mabomu, ikaachiwa hewani, ikawasha na kupanda mpaka kama mita 13,000. Alifika Mach 1.06, maana yake ni mwendo wa sauti na kidogo juu yake. Kilichonifurahisha ni kwamba alikuwa na miaka 24 na hakuwa na digrii yoyote. Alimaliza sekondari, akaingia jeshini kama fundi wa ndege. Na siku mbili kabla ya kuruka alikuwa ameanguka kutoka kwenye farasi akavunjika mbavu mbili, akaficha wasimzuie. Mkono ukawa hauna nguvu ya kufunga mlango wa ndege, rafiki yake akamkatia kipande cha mpini wa ufagio atumie kama wenzo. Ufagio, jamani! Mambo makubwa ya dunia yana siri zake.

Basi nikadhani nimemaliza, kijana wa kwanza kashinda soda. Kumbe ndo ubuyu unaanza.

Kuna rubani mwingine Mmarekani, George Welch, shujaa wa vita, ambaye tarehe 1 Oktoba 1947, wiki mbili kabla ya Yeager, alirusha kwa mara ya kwanza ndege mpya iliyoitwa XP-86. Watetezi wake wanasema aliishusha kwa kichwa ikaupita mwendo wa sauti, na watu wa chini walisikia mlio. Wanasema alirudia hata asubuhi ile ile ya Yeager, dakika chache kabla yake. Wanadai wakubwa walitaka X-1 ihesabiwe ya kwanza kwa sababu ya fedha iliyotumika, kwa hiyo Welch akaambiwa anyamaze. Baadaye kilitoka kitabu kizima cha kumtetea, kimeandikwa na mtu ambaye naye alikuwa rubani wa majaribio. Tatizo ni nini? Siku hiyo hakuna chombo kilichopima na kuandika. Rasmi ndege yake inahesabiwa kuupita mwendo wa sauti Aprili 1948. Welch mwenyewe alikufa Oktoba 1954 akijaribu ndege nyingine, kwa hiyo hata kumuuliza haiwezekani.

Halafu yupo Mjerumani, Hans Guido Mutke. Huyu alisema tarehe 9 Aprili 1945, karibu na Innsbruck, aliishusha ndege yake ya Me 262 ikatetemeka vibaya, usukani ukakataa, halafu ghafla ukarudi, na alipotua ndege ilikuwa imepoteza misumari na imeharibika. Miaka mingi baadaye akasema ile ndo ilikuwa kuupita mwendo wa sauti. Wataalamu wanajibu kwamba mtetemeko ule unatokea hata kabla hujafika, na kipima kasi katika hali ile kinadanganya. Mimi nikimsoma sioni mwongo. Naona mtu aliyepatwa na jambo kubwa akiwa peke yake kwenye kiti, na baadaye akalipa jina.

Na Waingereza hawajakaa kimya. Walikuwa na mradi wao wa Miles M.52, serikali ikaufuta mwaka 1946, na mpaka leo wapo wanaosema kazi yao ilikwenda kuwasaidia Wamarekani. Mwaka 1952 wakatoa filamu, The Sound Barrier, ya David Lean, humo rubani wa Kiingereza ndo anauvunja ukuta, Yeager hatajwi kabisa. Filamu ikapata hadi Oscar ya sauti. Wangapi walitoka ukumbini wakiamini ni Mwingereza? Wamarekani nao wakaja na yao mwaka 1983, The Right Stuff, na Yeager mwenyewe anaonekana humo kidogo kama mhudumu wa baa. Mnaona wadau, hata kiki za filamu hazikuanza leo.

Kilichonikaa kichwani ni kitu kimoja. Safari ya Yeager ilikuwa siri. Gazeti la mambo ya anga lilivujisha habari Desemba 1947, jeshi lake likakubali hadharani Juni 1948. Miezi yote hiyo hakuna wa kumpigia makofi, lakini hakupoteza kitu. Vipimo vilikuwepo, ndani ya ndege na chini ardhini. Karatasi ilikuwa inamsubiri. Welch alikuwa na mlio ambao watu wanasema waliusikia. Mlio ukishapita, umepita.

Na sisi hapa Tanzania tunayo ya kwetu. Shuleni tulifundishwa kwamba wa kwanza kufika kilele cha Kilimanjaro ni Hans Meyer, mwaka 1889, pamoja na Ludwig Purtscheller. Ukienda Marangu utasikia jina la Yohani Kinyala Lauwo, Mchaga aliyewaongoza. Mwaka 1989 mlima ulipotimiza miaka 100 tangu kupandwa, Lauwo alikuwa bado hai na aliheshimiwa. Wengine wanasema alifika nao juu, wengine wanasema jina lake halimo kwenye maandishi ya Meyer. Meyer aliandika kitabu, mwongoza njia hakuandika. Ukishajua hilo, tayari unajua ubishi utakaaje miaka mia baadaye.

Nilipofika hapo nilifunga kompyuta. Sikulala, kwa sababu nilikuwa namfikiria kaka.

Desemba 2017 nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne, nipo nyumbani Tarime kwa bibi. Kaka alikuwa amejifunza litungu kwa mzee mmoja wa kijijini kwetu. Jioni moja aliazima sabufa ya jirani, akaweka biti ya bongo fleva aliyoipata kwa mshkaji wake, akaanza kupiga litungu juu yake. Mara ya kwanza vikapishana, mara ya pili vikagongana, mara ya nne au ya tano vikashikana. Wadau, nywele zilinisimama. Kiitikio alikichukua kwa bibi, ni wimbo ambao wanawake walikuwa wanaimba wakipalilia. Bibi alikuwa pembeni anapukuchua mahindi, akacheka akasema tunaharibu wimbo wa watu, halafu naye akaitikia. Mimi nikarekodi kwa simu yangu ya batani. Dakika nne na kitu. Mwishoni mbwa alibweka na bibi akamfukuza.

Kaka akaniambia, "Mdogo wangu, tunza hiyo. Nikipata hela ya studio tutaanzia hapo."

Mwaka uliofuata nikaja Mugumu kutafuta maisha. Enzi zile sehemu kubwa ya kazi yangu dukani ilikuwa kuwaingizia watu nyimbo kwenye memori kadi. Kuna siku ya mnada alikuja mteja anataka kadi ya GB 8 iliyojaa nyimbo, ana haraka, gari linamsubiri. Kadi dukani zilikuwa zimeisha. Nilikuwa nadaiwa kodi ya chumba miezi miwili. Nikatoa kadi ya kwenye simu yangu, nikaifomati, nikajaza nyimbo za watu, nikauza elfu kumi na mbili.

Nilijua kilichokuwemo. Sikusahau, wala haikuwa bahati mbaya. Nilijiambia kaka ataimba tena, wimbo haufi mdomoni mwa mtu.

Kaka hakuimba tena. Hela ya studio haikupatikana, akaenda Nyamongo kutafuta riziki, sa hivi ni dereva bodaboda ana mke na watoto wawili. Wimbo wa B ukatoka. Baadaye wa A. Aliusikia wa kwanza akiwa kwenye gari anakwenda Tarime mjini, akanipigia simu anacheka, lakini si kicheko. Akasema, "Umesikia? Ila mi sina presha, rekodi si unayo?"

Nikasema, "Ninayo kaka."

Hilo jibu nimeliishi miaka. Vita ya A na B ilipopamba moto mwaka huu, kaka akaanza kuwaambia wenzake kijiweni kwamba hao wote wamechelewa, rekodi ya kwanza ipo Mugumu kwa mdogo wake. Wakawa wanamcheka: basi ilete. Akawa anawaambia subirini. Watu wanne wa Nyamongo wameniandikia humu humu wakiniuliza, hawakujua wanamuuliza nani.

Wiki mbili zilizopita, Jumapili, nilipanda Probox nikaenda. Nilimkuta kituoni kwake, nikamwomba tusogee pembeni chini ya mti. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakakimbia. Nikasema, "Kaka, ile kadi niliiuza. 2018. Niliifomati nikaiuza."

Alikaa kimya. Abiria akaja, akavaa kofia yake ya pikipiki, akampeleka. Nikabaki pale nikidhani harudi. Alirudi baada ya kama nusu saa, akazima pikipiki bila kushuka. Akaniuliza, "Bei gani?"

"Elfu kumi na mbili."

Akatikisa kichwa. Halafu akauliza kitu ambacho sikukitegemea. "Mwishoni, mbwa alibweka, au naota?"

Nikamwambia alibweka, na bibi akasema toka. Akasema, "Eeh. Alisema toka." Basi. Hakunitukana wala hakusema amenisamehe. Nilipokuwa naondoka akaniambia, "Kwa hiyo mi sa hivi ni mwongo pale kijiweni." Nikasema hapana, mwongo ni mimi. Akasema, "Basi waambie wewe."

Ndo maana leo naandika.

Wadau, mlitaka msimamo wangu, na nimefikiria sana namna ya kuusema. Ningeweza kuandika kwamba kaka yangu ndo wa kwanza, na kwa kuwa mnaniamini wengi mngekubali. Lakini hapo ningekuwa namfanyia alichofanyiwa Welch na watetezi wake, kumbebesha mtu kitu ambacho hakina kipimo mpaka watu wasiamini hata kile kilichotokea kweli. Mi najuaje kama Desemba ile ile hapakuwa na kijana mwingine, Serengeti au ng'ambo ya mpaka kwa Wakurya wenzetu wa Kenya, na sabufa yake ya kuazima? Na yule mzee aliyemfundisha kaka, siku akipiga litungu juu ya ngoma ya redio akiwa peke yake nyumbani, nani alihesabu? Na bibi je, mwenye kiitikio?

Kwa hiyo nasema nilichokisikia, mpaka pale kinapoishia. Desemba 2017, nyumbani kwa bibi, Tarime vijijini, nilimsikia kaka yangu akipiga litungu juu ya biti ya bongo fleva, na akaimba kiitikio cha palizi. Nilirekodi. Rekodi niliifuta mimi mwenyewe kwa mkono wangu, kwa elfu kumi na mbili, na kwa miaka nikadanganya kwamba ipo. Mashahidi tuliokuwepo ni watatu, bibi ametangulia mbele za haki, tumebaki mimi na yeye, na sisi ni ndugu, kwa hiyo mna haki ya kututilia shaka. Ila wenzangu wa Nyamongo mnaomcheka pale kituoni, aliyewadanganya si yeye. Yeye aliwaambia alichoambiwa na mdogo wake.

A na B, nyie endeleeni. Kazi zenu ni nzuri, nazipiga dukani kila siku. Ombi langu ni dogo, siku mkihojiwa tena kuhusu nani wa kwanza, tajeni na waliowafundisha nyuzi.

Kuhusu kreti ya soda, niliwaambia wazee wa kijiweni kwamba aliyepimwa kwanza ni Yeager, wengine wana madai. Mzee mstaafu akasema hilo si jibu. Vijana wakagawana soda nusu kwa nusu.

Na mwisho, nimekopa laki na nusu kwenye kikoba chetu cha Mugumu. Nimemtumia kaka kwa simu, nikamwandikia ni ya studio. Hela ameipokea. Meseji ameisoma, hajajibu. Kama yupo mdau Nyamongo atakayemwona leo kituoni, asimseme kitu. Mpandeni tu pikipiki yake.